Mkono Nilioshikwa Kivukoni

Kabla ya vita vya Wajerumani, nilipokuwa kijana mwenye ndevu zisizojaa bado, kazi yangu ilikuwa kushona viatu vya ngozi pale kwetu Siyu. Vikishakuwa vingi nilivifunga kwa kamba, nikavitia begani, nikaenda kuviuza Faza. Sikwenda peke yangu. Nilikuwa na rafiki, mshoni kama mimi, tuliyesoma naye chuoni Kurani na kutahiriwa naye siku moja. Ndia yote ya Faza, njia nzima, tulikwenda tumeshikana mikono, vidole ndani ya vidole, mmoja akisimulia na mwingine akicheka.

Hapakuwa na jambo la kusema juu ya hilo. Baba zetu walikwenda hivyo na marafiki zao, na mashekhe wazima, na ndevu zao nyeupe, walitoka msikitini hivyo. Aliyetembea mikono mitupu karibu na rafiki yake ndiye aliyeulizwa, mmegombana nini?

Mkono wa mke wangu ulikuwa jambo jingine. Nilikuwa nimemwoa mwaka ule, nikahamia nyumba aliyopewa na baba yake, kama desturi yetu ilivyo. Mkono wake sikuwahi kuushika nje ya mlango ule, wala sikupata kumwona mwanamume yeyote wa Siyu akishika wa mkewe mbele za watu. Yaliyokuwa ndani yalikuwa ya ndani.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa Faza, tumetandika viatu vyetu karibu na soko, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Mara soko likanyamaza. Nikainua macho, nikaona Mzungu anapanda kutoka pwani, mkubwa mpya wa Serikali aliyeletwa Lamu, na ubavuni pake mwanamke wa Kizungu, mkewe. Mkono wa mwanamke ulikuwa umepita ndani ya mkono wa mumewe, na mabega yao yaligusana kila walipopiga hatua. Walikuwa wakizungumza. Hawakuona haya hata kidogo.

Mzee aliyekuwa akiuza tumbaku mbele yetu akageuza uso akatazama ukuta. Wanawake wawili waliokuwa mlangoni wakaingia ndani wakarudisha mlango. Mimi nikatazama viatu vyangu, lakini nilikuwa nimekwisha kuona, na sikio likaniwaka moto kama niliyechungulia chumba cha watu.

Haikupita muda mrefu, akatujia mkubwa wa mji wa Faza, mtu mzima aliyetufahamu.

"Nyinyi mwarudi Siyu yeo, leo hii," akasema. "Bwana mkubwa ataka kwenda kuiona ngome, yeye na bibi yake, kwa miguu. Mtamwonyesha ndia."

Wakati ule mtu akiitwa na Serikali hakujua ameitiwa nini mpaka arudi, na wengine hawakurudi upesi. Nikamwambia, "Bwana, yeo ni bamvua, maji makuu. Maji ya kivukoni yataingia mapema na kwa nguvu. Kama ni kwenda, twende sasa hivi."

"Sasa hivi anakunywa kahawa na wazee," akasema. "Mzungu haharakishwi."

Tukangoja. Jua lilipanda, kahawa ikanywewa, maneno yakasemwa, na mimi nilikuwa nikitazama ufuo tu. Hatimaye wakatoka. Nyuma yao walikuwa askari wawili wenye bunduki, mmoja mtu wa bara, mwingine wa Mombasa. Mimi na rafiki yangu tukashikana mikono, tukatangulia.

Hatujafika mbali Mzungu akatuita. Alisema Kiswahili cha Unguja, kilichonyooka sana, neno moja moja.

"Huyu," akauliza akimwonyesha rafiki yangu, "ni kipofu?"

Tukatazamana. Rafiki yangu akasema, "Hapana, Bwana. Naona."

"Basi ni mgonjwa?"

"Hapana, Bwana. Mzima, alhamdulillahi."

Mzungu akatazama mikono yetu, akamwambia mkewe maneno kwa lugha yao, na mkewe akatabasamu. Sisi hatukujua kuna nini. Yule askari wa Mombasa akatusogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Achaneni mikono. Hawa hawapendi. Kwao wanaume wakishikana hivi hufungwa gerezani."

Alikuwa akicheka alipoyasema, na mpaka leo sijui kama alitutania. Rafiki yangu hakungoja kujua. Aliuchomoa mkono wake ndani ya wangu, akautia ndani ya kanzu, akaenda mbele peke yake. Huko nyuma nilisikia Bibi wa Kizungu akicheka na mumewe, mkono ndani ya mkono. Nikasema moyoni: wale wanashikana na hakuna neno, sisi tukishikana tutafungwa. Mtu atajuaje ashike nini na aache nini?

Faza na Siyu zimetengwa na mlango wa bahari wenye mikoko pande zote. Maji yakitoka huwa matope mazito, mtu huyavuka kwa miguu. Maji yakiingia huwa bahari. Tulipofika, nilitazama mizizi ya mikoko nikaona tayari maji membamba ya rangi ya kahawia yanapita katikati yake.

"Bwana, yanaingia," nikasema.

"Ni mbali?" akauliza.

"Si mbali. Lakini twende upesi."

Akaamuru. Yeye alitangulia na rafiki yangu na askari mmoja, ili ajaribu matope. Askari wa pili alikuwa nyuma na mizigo. Mimi nikaambiwa niende karibu na Bibi. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba mpaka juu ya kifundo cha mguu, na mimi mshoni nilijua tangu hatua ya kwanza kwamba viatu vile vitajaa tope na kumshika. Lakini nani angemwambia mke wa mkubwa avue viatu mbele ya wanaume?

Katikati ya kivuko akakwama. Mguu wa kulia uliingia mpaka gotini, akauvuta, haukutoka. Maji yalikuwa yamefika magotini mwetu, yanakwenda kwa kasi yakivuta nguo. Nikamnyoshea fimbo yangu ashike. Hakuitazama fimbo. Aliupitisha mkono wake juu yake akaushika mkono wangu.

Nilikuwa na udhu wa sala. Hilo ndilo lililonijia kwanza, jambo dogo kabisa: udhu wangu umetoka kwa kuguswa na mwanamke. Kisha likaja la pili: huyu ni mke wa mtu. Kisha la tatu: mtu huyo ana askari wawili wenye bunduki. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na vilinikaza mpaka pete yake ikaniuma. Mimi sikumkaza. Niliuacha mkono wangu wazi kama mkono wa maiti, yeye ndiye aliyeshika.

Mumewe akageuka. Alikuwa amefika karibu na ukingo wa pili. Akatuona, akapiga kelele kwa lugha yao, maneno mawili au matatu, na uso wake ulikuwa mwekundu. Yule askari aliyekuwa karibu naye aligeuka pia, na bunduki ikageuka naye.

Nikajua ananiambia nimwachilie mkewe. Nikauchomoa mkono kwa nguvu.

Bibi akaenda chini. Hakupiga hata ukelele. Mguu mmoja ulikuwa umeshikwa na tope, mwingine ukateleza, na maji yakamfunika kifua na uso, kofia yake ikaondoka na mkondo. Nikasikia Mzungu anapaza sauti kwa Kiswahili, "Mshike! Mshike, wewe! Mshike mkono!"

Sijui nilifanyaje. Nakumbuka nilikuwa ndani ya maji nimemkumbatia kiunoni, mke wa mtu, kifua changu mgongoni pake, navuta huku namwita Mungu. Tope lilikuwa likinishika na mimi. Nilifikiri tutakufa pale pale, na watu watatuokota hivyo, mikono yangu imemzunguka, na hakutakuwa na wa kueleza. Wazo hilo lilinitisha kuliko kufa. Mara mguu wake ukatoka, kiatu kikabaki, na sote tukaanguka upande. Akatapika maji begani mwangu. Mumewe alikuwa anakuja akijitupa ndani ya maji, na rafiki yangu nyuma yake. Tukamburura mpaka ukingoni.

Alipojaribu kusimama akapiga yowe. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka na kinavimba. Hatukuwa na kitanda cha kumbebea, na kurudi Faza hakukuwezekana tena, kwani nyuma yetu ilikuwa bahari tupu. Mzungu akamshika upande mmoja. Rafiki yangu nilimwona akirudi nyuma taratibu mpaka akawa nyuma ya askari.

Mzungu akanitazama mimi. "Wewe. Shika huku."

Ilikuwa amri. Nikashika. Na hivyo ndivyo nilivyokwenda kutoka kivukoni mpaka Siyu, mkono wa mwanamke yule umenishika shingoni, na mkono wangu umeshika mkono wake ili asiniponyoke. Njiani alikuwa akitetemeka, na mimi nikitetemeka, na sikujua tetemeko lipi ni la nani. Nilikuwa nahesabu saa kwa jua. Nilitamani tuchelewe, tuingie mji watu wako ndani ya nyumba zao.

Tuliingia watu wanatoka msikitini. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha sasa hivi tu, na ndia ya kwenda ngomeni yapita mbele ya msikiti ule. Walikuwa wanatoka wawili wawili, wameshikana mikono, wanazungumza. Wakasimama. Sauti zikakoma. Mtu mmoja akasema, "Astaghfirullah," si kwa nguvu, lakini mji ulikuwa kimya hata kila mtu akasikia. Baba mkwe wangu alikuwa kati yao. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alinitazama, kisha akatazama chini, kisha akaondoka kabla ya wengine.

Nilimfikisha Bibi ngomeni, nikaondoka bila kuaga. Nikaoga kisimani na nguo zangu, nikatawadha upya, nikasali, nikaenda nyumbani. Baba mkwe alikuwa ameketi barazani kwetu, yaani kwa bintiye. Nilipoweka mguu kwenye ngazi akasema bila kuinua uso:

"Usipande."

Nikashusha mguu.

"Baba, ilikuwa kivukoni, yule mwanamke..."

"Nimetoka msikitini na watu," akasema. "Nikakuona. Watu hawakukutazama wewe. Walinitazama mimi. Mwanangu atakaa ndani kwanza mpaka nijue nimemwoza nani."

Nyuma ya mlango nilisikia pazia likisogezwa. Mke wangu alikuwa pale anasikiliza. Sikuweza kumwita jina mbele ya baba yake. Nikaenda kwa mama yangu.

Mama alinipa chakula, sikula. Aliketi karibu yangu, akauliza swali moja tu: "Serikali imekasirika?" Nikamwambia sijui. Ukweli nilikuwa najua, au nilidhani najua. Mkubwa aliona kwa macho yake nikimwachia mkewe aanguke majini. Aliona nikimkumbatia. Kwa lolote kati ya hayo mawili angeweza kunitia minyororo, na sikuona la tatu.

Asubuhi yule askari wa bara akaja mlangoni. "Bwana mkubwa anakutaka ngomeni." Mama akanishika kanzu kwa nyuma kama nilipokuwa mtoto, askari akangoja mpaka akaniachia. Rafiki yangu nilimpita akiwa ameketi kwenye baraza ya nyumba yao. Alisimama, akafungua kinywa, akakaa tena. Simlaumu. Na yeye alikuwa na mama.

Ndani ya ngome wazee wa mji walikuwa wameketi kwa ajili ya kumlaki mkubwa, na baba mkwe wangu mmoja wao. Mzungu alikuwa kwenye kiti. Mkewe alikuwa kwenye kiti kingine, mguu umefungwa kitambaa umewekwa juu ya mto. Nikasimama katikati.

Bibi akaegemea mbele, akanyosha mkono wake wa kulia kwangu, akangoja.

Mzungu akasema, "Anakushukuru kwa kumtoa majini. Mpe mkono."

Nilitazama mkono ule. Ulikuwa mweupe, safi, na kwenye kiganja palikuwa na mchubuko wa magamba ya chaza wa kule kivukoni. Nyuma yangu nilisikia wazee wameacha kupumua. Nikiushika, mke wangu hatanifungulia mlango tena, na baba yake ataona kwa macho yake mara ya pili. Nisipoushika, nimemtukana mke wa Serikali ndani ya ngome, mbele ya bunduki. Sikuwa shujaa. Ningeweza kuchagua lolote, sikuchagua. Mkono wangu wenyewe ulipanda ukakaa kifuani, nami nikainama.

Mkono wa Bibi ukabaki pale pale hewani. Uso wa Mzungu ukaanza kuwa mwekundu kama jana.

"Kwa nini?" akauliza. "Jana ulimshika. Leo humpi mkono?"

Ulimi haukunyanyuka. Nilijaribu. Ndipo nikasikia mtu anakohoa, na baba mkwe wangu akasimama mahali pake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Wazungu hakuwapenda. Akasema taratibu, ili Mzungu afuate:

"Bwana, huyu ni mume wa binti yangu. Kwetu sisi, mkono wa mke wa mtu haushikwi ila kwa dharura. Yana ilikuwa dharura. Yeo si dharura. Hakumdharau bibi yako. Amemheshimu kama amheshimuvyo mke wa yeyote katika sisi."

Mzungu akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nilidhani yamekwisha. Kisha akasema:

"Na kule majini? Nilikuambia usimwachilie. Kwa nini ulimwachilia?"

Hapo ulimi ulifunguka, kwa hofu tu. "Bwana, ulisema kwa lugha yako. Nilidhani umeniambia nimwachilie. Nilidhani umeona vibaya mimi kushikwa na mkeo."

Alikaa akinitazama na kinywa kimefunguka kidogo. Kisha akamgeukia mkewe, akamweleza kwa lugha yao, kwa muda mrefu. Nilimtazama Bibi usoni kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ilibidi nijue. Alianza kama atakayecheka, kisha akaweka mkono kinywani na macho yakajaa machozi. Akaushusha mkono. Akauweka kifuani pake, kama nilivyoweka mimi wangu, akainamisha kichwa. Aliuweka upande usiofaa, na kidogo juu mno, lakini wazee wote wakaona.

"Nenda," Mzungu akasema, na sauti yake haikuwa ya amri.

Nje ya ngome nilijiegemeza ukutani, nikangoja. Wazee walipotoka, baba mkwe alinijia akanishika mkono. Hakusema amenisamehe, maana hakuona kwamba lilikuwepo la kusamehewa tena. Alinishika tu, akaniongoza mji mzima, na kila aliyetupita akatusalimu wote wawili. Kiganja chake kilikuwa kinatoka jasho. Ndipo nilipojua kwamba aliposimama mle ndani, na yeye aliogopa.

Mke wangu hakunisemesha mpaka nilipokwisha kula. Aliondoa sahani, akarudi akasimama mbali, mkono kiunoni.

"Ati wao hutembea hivyo kila siku? Yeye na mumewe?"

"Nimewaona Faza. Mbele ya soko zima."

"Hawaoni haya?"

"Hawaoni."

Akafikiri. "Na mkono wake ulikuwaje?"

Swali hilo lilinitisha karibu sawa na yale ya ngomeni. Nikamwambia yaliyokuwa kweli. "Ulikuwa wa baridi sana. Ulikuwa unatetemeka. Alinikaza mpaka pete ikanitoa damu." Nikamwonyesha alama.

Akaja akauchukua mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama alama ile kwa muda.

"Maskini," akasema. "Alikuwa afa maji." Akaenda kutafuta mafuta ya kupaka.